TA si sadaka jamani

Leo nina dukuduku na nalitoa hapahapa.

Washkaji zangu wa Dar, kila tukichati ni wimbo uleule: "Wewe unalipwa kusoma Kilatini Marekani, unalalamika nini?" Naomba nijibu mara moja yaishe.

Kwanza, silipwi kusoma. Nalipwa kufundisha. Nasimama mbele ya vijana wa mwaka wa kwanza nawafundisha Kilatini cha kuanzia, natunga mazoezi, nasahihisha, nakaa ofisini kungoja wenye maswali. (Wanalia na jinsia tatu za nomino! Wangekutana na ngeli zetu je?) Vijana hao wanalipa ada, tena ya kutisha. Nisipoingia mimi darasani, lazima atafutwe mwingine na alipwe. Sasa kazi yenye saa zake, msimamizi wake na hela yake mwisho wa mwezi, inaitwaje msaada? Kwetu TA ni mwajiriwa wa chuo. Anapatikana kwa GPA, anasaini mkataba, na mama yake anatangazia mtaa mzima. Huku TA anaambiwa ni mwanafunzi mwenye bahati aliyepewa posho, basi ashukuru.

Ubishi huu wala si mpya. Bodi ya serikali inayoshughulikia mahusiano ya kazi, NLRB, ilisema mwaka 2000 kwamba TA wa vyuo binafsi ni wafanyakazi. Mwaka 2004 ikageuka, eti ni wanafunzi tu. Mwaka 2016, kwenye kesi ya Columbia, ikarudi kulekule: ni wafanyakazi. Kazi ya kusahihisha haikubadilika hata siku moja, waliobadilika ni waliokaa kwenye viti vya bodi.

Halafu njooni Boston University. Machi 2024 wanafunzi wa uzamili na uzamivu waligoma, mgomo ukaenda hadi Oktoba. Wakapata mkataba wenye kima cha chini cha dola 45,000 kwa mwaka kwa wa PhD. Kwa mji wenye kodi za nyumba kama Boston huo si utajiri. Mwezi uliofuata tu chuo kikasimamisha udahili wa PhD kwa mwaka 2025–26 katika programu kama kumi na mbili hivi, Klasiki ikiwemo, na wakuu wakataja gharama za mkataba huo. Yaani uliyekuwa unamlipa kidogo akidai haki, unafunga mlango kwa mdogo wake. Kisha wanatokea watu kusema chama cha wafanyakazi ndicho kimeua Klasiki! Kama idara inasimama tu pale TA wanapolipwa chini ya kodi ya chumba, basi ilikuwa inasimama juu ya migongo yao. Mwaka 2025 University of Chicago nayo ikasimamisha udahili wa PhD kwenye idara nyingi za lugha na fasihi.

Wageni ndio tunaumia zaidi. Viza ya F-1 inakuruhusu saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, tena humohumo chuoni. Mmarekani posho ikimwishia anaenda kubeba sahani mgahawani. Wewe ukijaribu hiyo unacheza na viza. Na posho nyingi ni za miezi tisa. Juni mpaka Agosti unakula nini, vitenzi?

Mtaniuliza, Klasiki inatuhusu nini. Maelezo ya zamani kabisa tuliyonayo ya pwani yetu yenyewe, yale ya soko la Rhapta, pembe za ndovu na majahazi ya kushonwa kwa kamba, yako kwenye Periplus, kitabu cha karne ya kwanza, na kimeandikwa kwa Kigiriki. Mpaka leo wataalamu wanabishana Rhapta ilikuwa wapi. Ningependa kwenye ubishi huo awemo mtu wa Rufiji au Pangani. Lakini Kigiriki hakifundishwi sekondari zetu, ukikikuta ni seminari. Kwa hiyo mtoto wetu anafika huku akiwa nyuma miaka mitatu, na anachoelekezwa ni MA ya kulipia mwenyewe ili "ajiandae". Alipie na nini? Nyumba ya baba?

Wiki iliyopita dogo mmoja kaniandikia. Kapata nafasi ya MA ya Klasiki, barua imejaa pongezi, hela hamna. Nikamwambia asiuze kitu chochote. Awaandikie awaulize: TA ipo au haipo, ya miezi tisa au kumi na miwili, miaka mingapi, bima nani analipa, ada inafutwa yote au nusu? Wajibu kwa maandishi. Wakimjibu "tutaona ukishafika", asiende.

Bado anasubiri jibu.