Fedha za Ruzuku Zina Wenyewe

Usiku wa Mei 13, 2008, Waziri wa Fedha wa Australia, Wayne Swan, alisoma bajeti yake ya kwanza. Ndani yake mlikuwa na kifungu kifupi kilichozua mgogoro mrefu: kaya yenye kipato cha kutozwa kodi kinachozidi dola 100,000 za Australia kwa mwaka haitapata tena ruzuku ya kufunga paneli za sola juu ya paa. Ruzuku hiyo ilikuwa imefika dola 8,000, baada ya serikali ya John Howard kuipandisha maradufu mwaka uliotangulia. Sharti jipya lilianza kutumika papo hapo.

Upinzani ukapinga, chama cha Greens kikapinga, na mswada wa kuuondoa ukomo huo ukapelekwa Seneti. Hoja yao ilistahili kusikilizwa. Bei ya mtambo wa kilowati moja ilizidi ruzuku kwa maelfu ya dola, na wenye akiba ya kujazia pengo hilo walikuwa hasa wale wa kipato cha kati na cha juu. Wakiondolewa, walisema wapinzani, mafundi watakosa kazi na biashara changa ya sola itakufa.

Haikufa. Bei ya paneli ilishuka, kampuni zikaanza kuuza kwa vikundi vya majirani, na maombi yakaongezeka kuliko yalivyokuwa kabla ya ukomo. Kwa hiyo tunasema bila kusita kwamba Waziri wa Mazingira wa wakati huo, Peter Garrett, alitetea jambo la haki. Fedha za ruzuku zilikatwa kwenye mishahara ya wauguzi, madereva na wafagizi, wengi wao wakiwa hawana paa la kuita lao. Kumlipia daktari bingwa sehemu ya mtambo ambao angeununua kwa fedha yake mwenyewe ni kuwadhulumu.

Utafiti uliotolewa mwaka 2010 na Andrew Macintosh na Deb Wilkinson wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia ulithibitisha dhuluma hiyo. Mpango ulioanza mwaka 2000 uligharimu zaidi ya dola bilioni moja, na takriban theluthi mbili ya walionufaika waliishi katika maeneo yenye hali ya maisha ya kati kwenda juu, au ya juu kabisa. Miaka minane ilipita kabla serikali yoyote haijauliza ni nani anayepokea. Mali bila daftari hupotea bila habari, na serikali ndiyo mshika daftari.

Hata hivyo, serikali hiyo hiyo ilikosea, tena vibaya. Juni 9, 2009 ilitangaza kuufunga mpango mzima na ikaufunga siku hiyo hiyo. Wapo waliokuwa wamejipanga, na kampuni zilizokuwa zimeagiza mizigo, kwa kuamini neno la serikali. Mwananchi anayepangia maisha yake kwa ahadi ya serikali ana haki ya kupewa taarifa mapema. Uhaba wa fedha hauwezi kuwa udhuru, maana fedha za mpango haziishi kwa siku moja. Hazina huona zikipungua wiki baada ya wiki.

Kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi, ingawa hakikupigiwa kelele. Ruzuku ilihamishiwa kwenye vyeti vya nishati jadidifu ambavyo kampuni za umeme hulazimika kuvinunua kisheria, na gharama yake huingizwa kwenye bili ya kila mteja. Ukomo wa kipato ukatoweka pamoja na kifungu cha bajeti. Mpangaji wa chumba kimoja jijini Sydney akawa anachangia paneli za mwenye nyumba ya ghorofa, bila Bunge kupigia kura fungu hilo kila mwaka na bila yeye mwenyewe kuambiwa. Kuitoa gharama kwenye bajeti na kuificha ndani ya bili ni kukwepa wajibu, na chama chochote kinachofanya hivyo kinastahili kuulizwa hadharani.

Jimbo la Victoria lilijaribu njia nyingine mwaka 2018. Liliweka ukomo wa kipato cha kaya wa dola 180,000, likazuia nyumba za thamani ya dola milioni tatu na zaidi, na baadaye likafungua mlango kwa nyumba za kupangisha. Ukomo huo ulikuwa wa juu mno kwa maoni yetu, lakini ulikuwepo, na ulijulikana. Huku kwetu Afrika Mashariki, Rwanda iligawa ruzuku ya sola za nyumbani kwa kufuata Ubudehe, yaani madaraja ya kaya kwa hali zao za kiuchumi, kaya za daraja la chini kabisa zikipewa fungu kubwa zaidi. Madaraja hayo yalilalamikiwa sana, lakini angalau swali la nani anastahili liliulizwa kabla fedha haijatoka.

Mwaka 2025 chama cha Labor, kilekile kilichotetea ukomo wa dola 100,000, kilianzisha punguzo la takriban asilimia 30 kwa betri za nyumbani bila ukomo wowote wa kipato. Kilitenga dola bilioni 2.3. Kabla mwaka haujaisha makadirio yalipanda hadi bilioni 7.2. Hakuna mlipakodi aliyeelezwa kwa nini kilichokuwa haki mwaka 2008 kimeacha kuwa haki.

Bunge la Australia lina wajibu wa kurudisha ukomo wa kipato katika mpango wa betri, kutangaza tarehe ya kuanza kwake miezi kadhaa kabla, na kutenga fungu la wapangaji ambao hadi sasa wanalipa tu. Lifanye hivyo katika bajeti ijayo.