Udongo wetu upimwe hapa, na vijana wa hapa



Tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko, mvua ilileta mafuriko, matope na mawe juu ya Nyamukubi na Bushushu, kule Kalehe. Watu zaidi ya 400 walikufa. Tulilia, tukachanga nguo na unga, viongozi wakapita, basi. Mpaka leo mvua kubwa ikianza, tunaangalia mlima tu.

Je, iko njia ya kukaza udongo bila simenti? Iko. Kuna bakteria wa udongoni ambao ukiwapa urea, ile mbolea nyeupe ya wakulima, pamoja na maji yenye kalisi, wanavunja urea na kutengeneza chokaa inayoshikanisha chembe za mchanga. Mchanga unakuwa mgumu kama jiwe, na hakuna tanuru wala kuni. Hata soya, ambayo tunalima wenyewe, iko na kimeng'enya cha kuvunja urea. Mwaka 2018, Chuo Kikuu cha Cape Town kilitengeneza tofali kwa njia hiyo, urea yake ikitoka kwenye mkojo wa watu.

Lakini tusidanganyane. Kazi hii inaenda vizuri kwenye mchanga. Kwenye udongo wa mfinyanzi, kama wa milima yetu mingi, bakteria hawapenyi vizuri. Haingezuia maji ya Kalehe. Tena inaacha amonia, na sisi wa Goma tunakunywa maji ya ziwa. Kwa hiyo mtu akija na gari na mabango kusema dawa ya milima imepatikana, tumuulize: ulipima udongo wa wapi? Amonia itaenda wapi?

Hapa Goma tuko na mchanga mweusi wa volkano. Unaweza kukazwa kwa tofali, ao kwa kingo za mifereji? Jibu linahitaji mabidoni machache ya mchanga, urea, soya, na mtu wa kupima kila wiki. Mimi niko na diploma na sina kazi. Tuko wengi. Juu ya nini tungojee mtaalamu wa ndege aje kupima mchanga tunaoukanyaga kila siku?

Tunaomba mambo matatu:

1. Vyuo vikuu vya Goma na Bukavu vianze majaribio madogo, na vijana wenye diploma wasio na kazi waajiriwe humo kwa malipo.

2. Matokeo yatangazwe kwa Kiswahili, mazuri na mabaya, pamoja na bei.

3. Wakati tunangoja, mifereji izibuliwe, miti ipandwe, na viwanja visiuzwe tena kwenye njia za maji. Kwa hayo hakuna utafiti unaohitajika, ni mapenzi tu ya wenye mamlaka.

Mvua za Septemba hazingojei semina. Ndugu, tuulize sasa, mtaa kwa mtaa.