Jina la Mchoraji si Kamba Mguuni

Imezuka miongoni mwetu hoja isiyofaa kuachwa ipite bila jibu. Wapo walimu wenzetu, washiriki katika kutayarisha programu huria za kufundishia Kiswahili, wasemao kwamba picha yo yote iliyotolewa kwa sharti la kumtaja mwenyewe isitiwe kamwe ndani ya programu hizo. Programu huria, wanasema, hunakiliwa, hubadilishwa na kupitishwa mkono kwa mkono bila kuomba ruhusa. Basi sharti lo lote, hata liwe dogo namna gani, ni kamba mguuni.

Wenzetu hawa wanachanganya huru na holela. Programu huria haikuwahi kuwa mali isiyo na wenyewe. Leseni ya MIT huruhusu karibu kila jambo, lakini inataka tangazo la hakimiliki lifuatane na kila nakala. Leseni ya GPL nayo, katika toleo lake la 2 la mwaka 1991, inamtaka anayenakili ahifadhi matangazo hayo. Ikiwa mtunga programu hutajwa na hakuna anayenung'unika, kwa nini mchoraji akidai haki iyo hiyo aitwe msumbufu? Naona hapa dharau ya zamani: picha huhesabiwa pambo tu, kana kwamba pambo halina fundi. Nasi tunaofundisha tenzi twajua kwamba malenga wengi hulitia jina lao katika beti za tamati, wala sijapata kumsikia mwanafunzi akilalamika kwamba jina hilo limemzuia kukariri.

Sikatai kwamba yamekuwapo masharti ya jina yaliyoleta balaa. Leseni ya zamani ya BSD, iliyotoka katika Chuo Kikuu cha California, ilidai kwamba kila tangazo la kuinadi programu, likizitaja sifa zake, lichapishe sentensi ya kukitambua chuo hicho. Wengine wakaiga, kila mmoja akitia jina lake mwenyewe. Richard Stallman alipohesabu katika toleo moja la NetBSD la mwaka 1997, alikuta sentensi 75 za namna hiyo. Hebu fikirini bango moja lenye sentensi 75 za shukrani! Chuo kililifuta sharti hilo mwaka 1999, nacho kilifanya vema. Lakini kosa halikuwa katika kutaja jina. Lilikuwa katika kuamuru jina litajwe mahali gani, na kwa maneno gani.

Ndivyo ilivyokuwa kwa leseni za Creative Commons. Zilitoka mwaka 2002, na hata toleo la 2.0 la mwaka 2004 lilitiliwa shaka na watu wa Debian, ambao hupima leseni kwa kanuni walizozipitisha mwaka 1997. Maneno yake yalisomeka kana kwamba jina la mwenye picha lazima lijitokeze po pote panapotajwa mtunzi mwingine. Ubishi huo ulikuwa wa haki. Toleo la 3.0 la mwaka 2007 lililegeza maneno hayo, na picha zenye leseni hiyo zikakubaliwa katika Debian. Toleo la 4.0 la mwaka 2013 linaridhika na njia yo yote ya busara, kwa kadiri ya chombo kinachotumika. (Leseni zinazokataza biashara au mageuzi ni habari nyingine, hizo hazifai, wala sizitetei.)

Linalobaki, basi, ni faili moja ya maandishi ndani ya programu: jina la picha, jina la mwenyewe, leseni yake, ilikotoka, na kama imebadilishwa. Leseni inaturuhusu kuweka anwani ya intaneti tu, lakini kwetu hiyo haitoshi. Programu hizi huzifikia shule nyingi kwa kunakiliwa kutoka kompyuta hadi kompyuta, mahali ambapo anwani hiyo haifunguki. Faili na isafiri pamoja na picha.

Kazi hiyo ni ya dakika chache ikifanywa siku ile ile picha inapochukuliwa. Huwa mateso pale tu tunapoiahirisha hadi programu imekamilika, picha ni mia mbili na hakuna akumbukaye zilikotoka. Ndipo tunapomlaumu mchoraji kwa uzembe wetu.