Uchongaji Upewe Jumamosi Yake

Kila muhula gazeti letu hili hutuletea habari za mpira, za midahalo na za shamba la shule. Si vibaya. Lakini sijaona hata mara moja mtu akiandika juu ya kazi ya tezo na patasi, nayo imelipeleka jina la nchi yetu mbali kuliko mpira wetu wote. Kwa hiyo namwomba Mhariri anipe nafasi kidogo, nami nitasema wazi ninalolitaka: karakana ya shule ifunguliwe kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, na wanafunzi wapendao waruhusiwe kuchonga.

Najua wapo wenzetu watakaocheka. Kwao uchongaji ni kazi ya mtu aliyeshindwa masomo, akakaa kivulini kungoja watalii. Lakini mtazameni vizuri huyo aliyekaa kivulini. Analigeuza gogo mara mbili tatu, anaona kichwa kitakapokuwa na miguu itakapokuwa, ndipo anapolitia tezo. Hana raba ya kufutia. Akizidisha pigo moja, sikio la sanamu limekwenda, na halirudi tena. Hiyo ni hesabu ya maumbo, nayo hutushinda wengi wetu hata tukiwa na rula, karatasi na mwalimu aliyesimama mbele.

Tena kuna jambo ambalo hatulifikirii. Kazi ya namna hii haifundishwi kwa maneno. Mtoto huketi karibu na baba au mjomba wake, huokota vibanzi, hunoa vyombo, husugua sanamu iliyochongwa na mkubwa, na baada ya muda hupewa kipande kibovu akiharibu. Udongo uwahi ungali maji. Sasa miaka ya kufanya hivyo ndiyo hii hii tunayoimaliza bwenini. Hatukuibiwa, tulikuja kwa furaha, na wazazi wetu waliuza mazao ili tuje. Lakini ukweli ni kwamba kijana anayetoka katika nyumba ya wachongaji huingia Kidato cha Kwanza akiwa bado anaokota vibanzi, na hutoka Kidato cha Nne akijua kuchora moyo wa chura lakini hawezi kuchonga mwiko. Kazi ya babu inakatika kwake, wala hapana aliyekusudia ikatike. Kama shule inachukua miaka hiyo, nadhani si deni kubwa kurudisha saa tatu kwa juma.

Watu wengine hupinga kwa njia ya heshima zaidi. Husema kwamba uchongaji wa siku hizi si sanaa ya jadi hata kidogo, ni biashara tu ya kuwauzia wageni, basi shule ihifadhi nini? Hapa napenda kukaa kidogo, maana wengi wanaosema hivyo hawajaijua historia yenyewe.

Wamakonde walikuwa wachongaji tangu zamani, pande zote mbili za Mto Ruvuma. Barakoa za mapiko zinazovaliwa ngomani walizichonga kwa mti mwepesi, kwa kuwa mchezaji huivaa kichwani akirukaruka nayo. Mpingo ulipata sifa yake baadaye, wakati watu wengi wa Msumbiji walipovuka mto kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, wakakuta wanunuzi wa sanamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Samaki Likankoa alianza kuchonga mashetani: viumbe wenye jicho moja, mguu uliopinda, mdomo usio mahali pake. Mwenzake Roberto Yakobo Sangwani alichonga watu waliobebana wengi juu ya mti mmoja, mtindo ambao baadaye uliitwa Ujamaa. Bila shaka wote wawili waliuza kazi zao. Lakini nani aliwaagiza mashetani wale? Hakuna mtalii aliyeshuka melini akiulizia kiumbe wa jicho moja. Walitoka katika hadithi za Wamakonde wenyewe, na katika kichwa cha mtu mmoja aliyethubutu. Mimi naona sanaa ya watu hufa ikikatazwa kubadilika, si ikiuzwa. Kinachochukiza ni zile sanamu za Mmasai na mkuki wake, mia moja zinazofanana, zilizopakwa dawa ya viatu ili zionekane za mpingo. (Ukitaka kuwajua wadanganyifu hao, itie sanamu ndani ya ndoo ya maji. Mpingo wa kweli huzama.)

Na mtu asiniambie kwamba kabila lake halichongi. Mutisya wa Munge alikuwa Mkamba wa Wamunyu, huko Machakos. Katika Vita Kuu ya Kwanza, ya mwaka 1914 hadi 1918, alifika Tanganyika, na sanaa hii akaipata kwa wachongaji wa huku. Aliporudi kwao alichonga na kuuza, jirani zake wakamwiga, na leo Wamunyu ni jina linalojulikana kwa sanamu Kenya nzima. Yeye alikuwa mtu mzima, tena vitani, na walimu wake hawakuwa wa kabila lake. Sisi tuna paa juu ya kichwa na meza za karakana zisizo na kazi siku nzima ya Jumamosi.

Wasichana nao wasisahauliwe. Zamani kwa Wamakonde kuchonga ilikuwa kazi ya wanaume, na wanawake walifinyanga vyungu. Lakini darasani sasa tunakaa benchi moja, na sijapata kusikia kwamba patasi inajua imeshikwa na nani.

Hoja ya mitihani nitaipita upesi. Mtu anayelala Jumamosi yote mchana hatanidanganya kwamba uchongaji utamnyima muda wa kusoma.

Hoja ya miti ni nzito zaidi, nayo nakubali nusu yake. Mpingo hukua polepole mno. Hupita miaka 70 kabla ya kufaa kukatwa mbao, na bado nyingi huenda Ulaya kutengenezewa zumari za klarineti na obo. Tangu mwaka 2017 mti huu umo katika mkataba wa kimataifa, na magogo na mbao zake hazivushwi mpaka bila kibali. Kule Kenya wachongaji waliutumia sana muhugu hata ukawa adimu, na tangu miaka ya 1990 wamekuwa wakihimizwa kuchonga mwarobaini, mwembe, mjakaranda na mgrevilea, miti inayokua haraka na iliyopandwa na watu wenyewe. Basi sisi tunaoanza, tusiguse mpingo kabisa. Kwanza ni mgumu na utatuvunjia vyombo. Pili ni aibu kumharibia mti wa miaka 70 mtu anayejifunza kuchonga kijiko.

Maana ni kijiko hasa tuanze nacho. Si shetani, wala si simba. Tuchonge mwiko, kitana, kibao cha mbuzi ya nazi, kisha bao lenye mashimo 32, ambalo litampima mtu uvumilivu kwa kuwa mashimo yote hayana budi kulingana. Atakayemaliza bao anaweza kufikiria sanamu. Vitu hivyo vitatumika hapa hapa, na mtu akimpelekea mama yake mwiko aliouchonga mwenyewe, nadhani utapokewa vizuri kuliko ripoti zetu nyingine.

Gharama si kubwa. Patasi zimo karakanani. Tezo mhunzi huzifua kwa chuma cha springi kuukuu za gari. Tukipata nne zinatosha kundi la watu kumi na wawili wakipokezana. Jiwe la kunolea lipo. Msasa wa dukani ni ghali, lakini msasa wenyewe ni mti, na majani yake makavu yalikuwa yakisugulia mbao kabla karatasi ile haijachukua jina lake. Mwalimu wa zamu atashika funguo, na kila mtu atachonga akiupeleka ukali mbali na mkono unaoshika.

Mbao za kuanzia ziko. Mwembe ulioangushwa na upepo nyuma ya bweni bado umelala pale pale. Matawi yamekwisha kwenda jikoni, lakini shina ni zima. Likatwe vipande mapema, viwekwe kivulini na kufunikwa kwa magunia ili vikauke polepole visipasuke, kwani upande mmoja mchwa wamekwisha kulianza.