Ujira wa Fundi na Kodi Iliyopotelea Mfukoni

 

Ndugu Waislamu, tumeona hatuna budi kulisema jambo ambalo wengi wetu tunalijua, tunalinong'ona barazani baada ya swala ya Isha, kisha tunalala nalo. Ni jambo la mafundi wetu: fundi wa plasta, seremala, fundi umeme, fundi bomba, mpaka rangi, mchoraji wa ramani, mwenye gari la kukodi. Hawa si waajiriwa wa mtu. Huitwa kwa kazi maalumu, wakapatana bei, wakaifanya, wakaondoka kwenda kwa mwingine. Na hawa ndio wanaodhulumiwa kuliko wote, kwa kuwa hawana ofisi ya kushtakia wala mwisho wa mwezi wa kuusubiri.

La kusikitisha ni kuwa dhulma hii haifanywi na makafiri tu. Inafanywa na watu wa safu ya kwanza. Inafanywa na matajiri wanaotoa futari ya jamaa mwezi wa Ramadhani, na inafanywa, tunasema hili kwa uchungu, na baadhi ya kamati za ujenzi wa misikiti. Fundi amemaliza kazi, ameambiwa aje Ijumaa. Ijumaa anaambiwa asubiri hadi kuba likamilike. Kuba likikamilika anaambiwa mbele ya watu kwamba hii ni nyumba ya Mwenyezi Mungu, basi kilichobaki akitoe fisabilillahi. Nani atakayethubutu kukataa mbele ya jamaa nzima? Anaitikia kwa mdomo, na moyo wake unalia. Hiyo si sadaka. Sadaka haichukuliwi kwa haya, na wanavyuoni wameeleza kuwa kinachochukuliwa kwa kumtahayarisha mtu hukumu yake ni ya kilichochukuliwa kwa nguvu.

Tumtazame Mtume (s.a.w.) alipofika Madina na kutaka kujenga msikiti wake. Kiwanja kilikuwa cha mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Imepokewa katika Sahihi Bukhari, katika hadithi ndefu ya Hijra, kwamba vijana hao walitaka kukitoa bure, naye akakataa mpaka akakinunua kwao. Kweli yako mapokezi ya Anas (r.a.) ambamo Banu Najjar walisema hawataki thamani ila kwa Allah, na wenye elimu wameyaoanisha mapokezi hayo. Lakini msimamo wa Mtume (s.a.w.) kwa mali ya wanyonge uko wazi. Msikiti bora kuliko misikiti yetu yote ulianza kwa kulipa.

Mwajiriwa na fundi katika fiqhi

Wapo wanaodhani kuwa tofauti ya mwajiriwa na mtu wa kazi ya mkataba imeletwa na sheria za wazungu. Sivyo. Mafaqihi wetu waliigawa ijara ya watu mafungu mawili karne nyingi zilizopita. Yupo ajiiri khaas, anayemfanyia kazi mtu mmoja kwa muda maalumu. Huyu hustahiki ujira kwa kujitoa kwake katika muda huo, hata siku ambayo bosi hakumpa kazi. Na yupo ajiiri mushtarak, kama mshoni, mpaka rangi wa nguo na muhunzi, anayepokea kazi za watu wengi. Huyu hustahiki ujira kwa kuikamilisha kazi. Wakajadiliana mpaka juu ya dhamana ya mali iliyomharibikia mikononi: Imam Abu Hanifa akasema hadhamini pasi na kosa lake, na wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad, wakasema anadhamini, isipokuwa likitokea janga lisiloepukika.

Tazama sasa sheria ya nchi. Sheria ya Taasisi za Kazi ya Tanzania ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa likipatikana hata moja miongoni mwa mambo yaliyotajwa humo: kwamba namna anavyofanya kazi iko chini ya amri ya mwingine, au saa zake zinapangwa na mwingine, au anapewa vifaa, au anamtegemea huyo kwa riziki yake, au hamfanyii kazi mtu mwingine yeyote. Aliyesoma mlango wa ijara hawezi kushangaa, kwani huyo ni ajiiri khaas kwa jina jingine.

Tunalitaja hili kwa sababu ujanja umeingia. Mwenye duka au kiwanda ana kijana anayefungua mlango saa mbili asubuhi na kuufunga magharibi, siku sita kwa wiki, mwaka wa nne sasa. Kwenye daftari ameandikwa "fundi wa kujitegemea". Kwa nini? Ili asikatiwe na kuchangiwa NSSF, ambako mchango wote ni asilimia 20 ya mshahara na mwajiri haruhusiwi kumtwisha mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Ili asipewe likizo. Ili siku akivunjika mguu aambiwe kuwa hakuwa mtu wetu. Kubadilisha jina la kitu hakubadilishi hukumu yake. Waliobadilisha jina la riba wakaiita faida tumewakemea kwenye mimbari. Na hawa je?

Ama fundi wa kweli wa kujitegemea, haki yake ya kwanza ni ujira ujulikane kabla ya kazi. Imam Ahmad amepokea kwa Abu Said al-Khudri (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) alikataza kumwajiri mtu mpaka abainishiwe ujira wake. Haki yake ya pili ni kulipwa upesi. Hadithi ya kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka imo kwa Ibn Majah, na Sheikh Albani ameisahihisha kwa njia zake nyingine. Na katika Sahihi Bukhari imo hadithi qudsi ya watu watatu ambao Allah (s.w.) atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, mmoja wao ni yule aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake kamili, asimpe ujira wake. Wenziwe katika orodha hiyo ni aliyetoa ahadi kwa jina la Allah kisha akahini, na aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Mwenye kumwambia fundi "njoo Ijumaa" ajue amekaa na nani.

Kodi imeingiaje hapa?

Hapa ndipo tulipokusudia kufika. Nchini Tanzania, Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inamtaka mwenye kulipa ujira wa huduma katika shughuli zake za biashara azuie sehemu ya ujira huo na kuipeleka Mamlaka ya Mapato. Ndiyo inayoitwa kodi ya zuio. Kwa mtoa huduma mkaazi ni asilimia 5, na kwa asiye mkaazi ni asilimia 15. Kilichozuiwa kinatakiwa kifikishwe ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha, na aliyekatwa apewe cheti cha kuonyesha kuwa amekatwa. Ndugu zetu wa Kenya wanayo mfano wake, asilimia 5 kwa ujira wa kitaalamu na asilimia 3 kwa kazi za mkataba kama za ujenzi.

Tuseme fundi amepatana ufundi wa shilingi 4,000,000. Tajiri anamkata 200,000, anamkabidhi 3,800,000, na kumwambia, "Hiyo ni ya serikali." Fundi anaitikia, kwa kuwa anamwamini Hajji. Mwezi unakwisha, miezi sita inakwisha. Mamlaka hawakupata kitu na fundi hakupata cheti. Fedha imenunua tairi za gari.

Ukimuuliza Hajji huyu, atakutolea hadithi. Atakwambia kodi ni maks, na maks imelaaniwa. Ni kweli kuwa maks imekemewa mno, hadithi ya Burayda (r.a.) katika Sahihi Muslim, katika kisa cha mwanamke wa Ghamid, inaonyesha ukubwa wa dhambi ya mwenye kuitoza. Na ni kweli kuwa wanavyuoni wamehitilafiana katika kodi zisizokuwa zaka. Imam Ghazali katika al-Mustasfa na Imam Shatibi katika al-I'tisam wamejuzisha mtawala mwadilifu kuwatoza matajiri pale hazina inapokuwa tupu na haja ya umma ikawa kubwa, kwa masharti mazito. Hatuna nafasi ya kuumaliza mjadala huo hapa, wala hatuhitaji.

Hatuhitaji, kwa sababu hoja hiyo inamwangukia mwenyewe. Kama kodi ni haramu, ewe ndugu, kwa idhini ya nani uliikata kwa fundi? Ulipoikata ulisimama mahali pa mtoza maks, kisha ukamzidi, maana mtoza maks huipeleka kwa aliyemtuma, na wewe umeipeleka mfukoni mwako. Zile 200,000 zina wenyewe wawili tu duniani: ama ni za hazina, na wewe ni wakala wa kuzifikisha, ama ni za fundi, na wewe ni mdeni wake. Mlango wa tatu haupo. Katika Suratun Nisaa (4:58) Allah (s.w.) ameamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe, wala hakumtaja mwenye kuzishika kuwa miongoni mwa wenyewe.

Na madhara hayaishii hapo. Fundi mwenye namba ya mlipakodi anapokwenda kukadiriwa, kile alichokatwa kinahesabiwa kuwa amekwisha kukilipa, kwa sharti awe na cheti mkononi. Asipokuwa nacho, anadaiwa upya. Kwa hiyo Hajji amemfanya Muislamu mwenzake alipe mara mbili, mara moja kwake na mara moja serikalini. Hii ndiyo dhulma iliyovaa kanzu.

Iko pia njia nyembamba zaidi ambayo wengi huipita bila kuhisi. Fundi anasema, "Nataka milioni nne mkononi." Mwenye kazi anaitikia. Siku ya malipo anatoa asilimia 5 na kusema sheria ndivyo ilivyo. Sivyo. Ikiwa mlipatana milioni nne za kufika mkononi, basi kodi iko juu yako, na bei halisi ya kazi ni takriban 4,210,526, ambayo ukitoa asilimia 5 inabaki milioni nne. Na ikiwa mlipatana milioni nne kabla ya kodi, ilikupasa kusema siku ya mapatano, si siku ya malipo. Kunyamaza mwanzoni ili ukate mwishoni ni gharari, na Waislamu wanafungwa na masharti yao. Ndiyo maana aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, iliyomo Suratul Baqara (2:282), imekuja kuhusu kuandika madeni na kushuhudisha. Fundi na mwenye kazi waandike: kazi gani, kwa bei gani, nani ananunua saruji na nondo, malipo kwa awamu zipi, kodi juu ya nani. Kutenganisha vifaa na ufundi kuna faida nyingine, kwani anayelipwa fedha za saruji hakuchuma saruji, na hapaswi kukatwa kana kwamba mfuko wa saruji ni ujira wake.

Imam Bukhari amepokea kwa Anas (r.a.) kuwa Abu Taiba, mpiga chuku, alimpiga chuku Mtume (s.a.w.), naye akaamuru apewe pishi ya tende, kisha akazungumza na mabwana wa Abu Taiba, wakampunguzia kile walichokuwa wakimtoza. Tunaomba matajiri wetu waisome hadithi hii mara mbili. Huyu alikuwa mtu wa huduma ya mara moja. Mtume (s.a.w.) alimlipa, na hakutosheka kumlipa, aliutazama mzigo wa tozo uliokuwa mgongoni mwake akausemea upungue. Sisi tumegeuza, tunamwongezea mzigo wa tozo na ya kwetu tunaisahau.

Kamati za misikiti nazo tunazisihi, kabla ya kutangaza mchango wa mnara, zitoe hesabu ya wanaodai. Wasiojua kama taasisi yao inawajibika kuzuia kodi waende ofisi ya Mamlaka ya Mapato wakaulize, wapate jibu kwa maandishi. Wasiotaka kuuliza basi wasikate. Lakini kukata bila kupeleka hakuna faqihi wala mhasibu atakayekuhalalishia.

Tumekuwa tukiulizwa na baadhi ya ndugu: nilikata miaka iliyopita, sikupeleka, nifanyeje sasa? Jibu ni kuwa toba ya haki za watu haitimii kwa istighfari pekee. Ikiwa fundi alikwisha kukadiriwa akalipa mwenyewe, mrudishie fedha yake yote. Ikiwa bado, ipeleke kwa jina lake, pamoja na riba na faini ambazo umezisababisha wewe, umpe cheti chake. Ikiwa amekufa, ni ya warithi wake, hata wakiwa Kigoma nawe uko Tanga. Na ikiwa hajulikani alipo baada ya kumtafuta kikweli, wanavyuoni wengi wamesema itolewe sadaka kwa niaba yake, na akitokea siku moja akataka haki yake, utamlipa. Wallahu aalam.