Muuguzi Anayesoma Hakimbii Wagonjwa

Na Mama Mwadi

Wiki hii nina hasira na mtu mmoja.

Juzi nilikwenda kumwona mama mkubwa aliyelazwa katika hospitali moja ya hapa Lubumbashi. Kando ya kitanda chake kulikuwa na wanafunzi wa uuguzi waliokuja staji, watoto wa sekondari bado. Mmoja alikuwa akimchomachoma bibi wa watu akitafuta mshipa. Bibi anauma meno, mtoto anatoka jasho, wenzake wanaangalia chini. Mkubwa wa kuwaongoza hakuwepo.

Akaingia muuguzi wa zamu, mama wa makamo. Hakumfokea mtu. Alimpa bibi pole, akafunga upya ule mpira wa mkono, akashika kidole cha mwanafunzi na kukiweka juu ya mshipa ili ausikie kwanza kabla ya kuutafuta kwa sindano. Akamwonyesha jinsi ya kuilaza sindano. Damu ikaonekana, dawa ikaanza kushuka. Kisha akawageukia wengine na kuwaeleza kila alichofanya na sababu yake. Nimekaa madarasani miaka mingi. Somo zuri kama lile nimeliona mara chache.

Mlangoni alikuwa amesimama daktari, mkubwa wa wodi. Anajua kwamba mama huyo anasomea ualimu na usimamizi wa uuguzi, ile lisansi wanayoiita EASI. Akasema mbele ya wagonjwa na wanafunzi: "Weye mama, masomo gani tena? Unapenda tu kukimbia bagonjwa, ukakale mu biro."

Mama akajibu taratibu: "Docta, nasoma juu bale batoto bajue kazi."

Daktari akacheka, akaenda zake. Mimi nilitetemeka kwa hasira, na ninapoandika haijaisha.

Watoto wale wakimaliza ITM, shule yao ya sekondari ya uuguzi, watakuwa wauguzi wa ngazi ya A2, na wengi wao ndio watakaobaki peke yao usiku na mgonjwa kwenye kituo cha afya, mbali na daktari yeyote. Nani awafundishe? Anayejua kuchoma lakini hajui kueleza? Mama huyu alishapata ngazi ya juu zaidi, A1 yake, miaka 3 baada ya diploma ya serikali. Angeweza kutulia. Amerudi darasani akiwa na watoto nyumbani. Anatoka zamu ya usiku na kwenda moja kwa moja kwenye kozi, na ada anajilipia. Huko ndiko kukimbia?

Dharau hii ni ya kikoloni. Mbelgiji alimtaka Mkongo awe mikono, kichwa abaki nacho yeye. Jason Sendwe, ambaye hospitali yetu kubwa ina jina lake, alikuwa muuguzi, kisha msaidizi wa tiba, kwa kuwa shule ya kumfanya daktari haikuwepo. Daktari wa kwanza kutoka chuo kikuu cha Lovanium alimaliza mwaka 1961. Mwaka 1960, madaktari wa Kibelgiji walipoondoka kwa wingi, wodi zilibaki mikononi mwa wauguzi na wasaidizi wa tiba. Baadhi ya wasaidizi hao walipelekwa Ufaransa, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani, wakamalizie udaktari. Hao tunawasifu mpaka leo kwa kusoma. Kosa la mama huyu ni kwamba anasoma na kubaki muuguzi.

Ukivuka Kasumbalesa ukafika Lusaka, chuo kikuu kinampa muuguzi shahada ya uzamili katika kazi yake mwenyewe. Na sisi tangu mwaka 2021 tunaimba LMD, LMD, mfumo wa lisansi, master na udaktari wa falsafa! Hizo ngazi mbili za juu wanazo wauguzi pia, au ni za watu wa tumbo kubwa tu?

Nilipokuwa natoka nilisoma ratiba ya zamu iliyobandikwa ukutani. Juma la mitihani yake, mama huyo amepangiwa usiku, siku zote. Karatasi ile ina sahihi. Aliyeitia anasoma gazeti hili. Kalamu anayo, aibadilishe kabla ya Jumatatu.