Ukitaka kuvusha mpira bwawani, hesabu kwanza umezamisha mingapi

Wapo watakaouliza gofu inatafuta nini katika kurasa za wakulima. Huo, watasema, ni mchezo wa mawaziri na mameneja wa benki. Lakini aliyewahi kupita Kericho, Nandi Hills, Kitale au Nyeri anajua kwamba viwanja vya huko vimepakana na chai, kahawa na mahindi, na Jumamosi alasiri hukosi kumkuta humo muuza pembejeo au mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Mimi nilianza kucheza miaka sita iliyopita na sijawa hodari. Hendikapu yangu ni 20, maana yake nikimaliza mashimo 18 hupunguziwa mikwaju 20 ili niweze kushindana na bingwa bila kuaibika.

Katika uwanja ninaochezea kuna shimo la mikwaju mitano. Baada ya mikwaju miwili mizuri huwa nimebakiza mita 170 hivi, na mbele ya grini, ile nyasi fupi yenye shimo, kuna bwawa. Siku moja nilikuwa nikicheza na mzee mmoja anayenunua na kuuza mahindi. Aliponiona natoa fimbo ndefu akaniuliza, "Kijana wangu, ukiwa hapa na mipira kumi, huvuka mingapi?"

"Mitatu, mzee."

"Na leo huu ni wa ngapi?"

Nilicheka, nikapiga, ukazama. Nikapiga mwingine, nao ukazama. Nilimaliza shimo lile kwa mikwaju 9. Mzee alipiga mkwaju mfupi hadi ukingoni mwa bwawa, akavusha kwa mkwaju uliofuata, akasukuma miwili na kumaliza kwa 6.

Usiku nilikaa na kalamu, maana hesabu ndiyo kazi niliyosomea. Tuchukulie nacheza shimo hilo mara kumi na kila mara najaribu kuvusha kutoka mbali. Mara tatu nitafaulu na kumaliza kwa mikwaju 5. Mara saba nitazama, nitatozwa mkwaju mmoja wa adhabu, na hata kama mpira unaofuata utavuka, nitamaliza kwa 7. Jumla ni mikwaju 64. Nikipiga fupi kama yule mzee, nitamaliza kwa 6 kila mara, ila tuseme mara moja kati ya kumi nitazamisha hata ule mkwaju mfupi na kumaliza kwa 8. Jumla ni 62. Tofauti ni mikwaju miwili tu! Lakini ningekuwa navusha mara tano kati ya kumi badala ya tatu, kujaribu kutoka mbali kungenipa 60, na mwoga angekuwa ndiye anayepata hasara.

Hapo ndipo nisipokubaliana na wanaowahubiria wachezaji wa ridhaa kwamba siku zote wapige fupi na salama. Uoga nao una bei yake, ila haionekani, kwa sababu hakuna anayehesabu mikwaju aliyoipoteza kwa kutojaribu. Mtazame anayesukuma mpira kwenye grini kwa woga usije ukapita shimo: kila mara unasimama nusu mita kabla ya kufika.

Mwalimu mmoja wa masuala ya fedha katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, Mark Broadie, alikusanya takwimu za mikwaju ya wachezaji wa kulipwa na wa ridhaa, akazichapisha katika kitabu mwaka 2014. Jambo moja analosisitiza ni kwamba mchezaji hana mkwaju mmoja. Ana mtawanyiko, kama mbegu zinazomwagwa kwa mkono: nyingine zinaangukia karibu, nyingine mbali, nyingine kando. Anayelenga kwa kufuata mkwaju wake bora kabisa wa mwaka jana anajidanganya. Alenge pale ambapo mtawanyiko wake wote, pamoja na mikwaju mibovu, utamwacha salama kiasi.

Tena inategemea unacheza mashindano gani. Mkihesabu mikwaju yote ya siku nzima, shimo moja baya hukufuata hadi jioni. Mkishindana wawili shimo kwa shimo, ukizama mara tatu umepoteza shimo moja tu, basi. Halafu kuna hesabu ya alama aliyoibuni daktari Mwingereza, Frank Stableford, na ambayo klabu ya Wallasey ilianza kuitumia mwaka 1932. Humo shimo baya kabisa hukupa sifuri, hata ukilipigia mikwaju 15. Hasara imewekewa sakafu, kwa hiyo kuthubutu kunaruhusiwa zaidi.

Mfano unaotajwa sana ni wa Mfaransa Jean van de Velde mwaka 1999 huko Carnoustie, Uskoti, katika mashindano ya The Open. Alifika shimo la mwisho akiongoza kwa mikwaju mitatu. Shimo hilo lilikuwa la mikwaju minne. Hata angetumia 6 angekuwa bingwa. Alichukua fimbo kubwa, kisha fimbo nyingine ndefu, mpira ukagonga jukwaa la watazamaji na kurudi kwenye majani marefu, na mkwaju uliofuata ukaingia kijitoni. Alivua viatu akaingia majini kuutazama, akabadili nia. Alimaliza kwa 7, na katika mchujo kombe likachukuliwa na Mskoti Paul Lawrie, aliyekuwa ameianza siku hiyo akiwa nyuma kwa mikwaju kumi. Lawrie hakuwa na cha kupoteza, Van de Velde alikuwa na akiba ya mikwaju mitatu, na yeye ndiye aliyecheza kama mtu asiye na kitu.

Nimewaona wakulima wa namna hiyo. Ana ekari nne, mahindi yamempa chakula na karo, halafu jirani anauza nyanya kwa bei ya juu msimu mmoja. Anang'oa kila kitu, anaweka hati ya shamba benki, anapanda nyanya ekari zote nne. Swali si kama nyanya zinalipa, kwa sababu zinalipa. Swali ni lile la mzee: kati ya misimu kumi, mikononi mwako wewe, na si mwa jirani mwenye kisima, zitalipa mingapi? Na zisipolipa, unapoteza mbegu na dawa au unapoteza shamba? Nusu ekari ni bwawa ambalo unaweza kuzama na kurudi. Hati ya shamba siyo.

Bima ya mazao ndiyo sakafu ya Stableford. Mpango wa Kilimo Salama ulipoanza hapa Kenya mwaka 2009, ukilipa fidia kwa kufuata vipimo vya mvua, faida yake kubwa machoni pangu haikuwa fidia yenyewe. Ilikuwa kwamba mkulima angeweza kununua mbegu bora na mbolea bila kuogopa kwamba ukame mmoja utamfilisi. Bima ina gharama, na atakayelipia kisha aendelee kupanda mbegu za ghalani kama zamani amenunua sakafu ya nyumba asiyokaa. Mahindi ya mseto yalitolewa Kitale mwaka 1964. Wakati huo nayo yalikuwa kitu kigeni cha kununua kwa fedha taslimu.

Mwezi uliopita klabu iliandaa mashindano ya alama. Nilifika tena kwenye lile bwawa, mita 170, na mzee yuko kando yangu. Nilitoa fimbo ndefu, naye safari hii hakuuliza kitu. Mpira ulizama. Nilipata sifuri kwenye shimo hilo na alama 34 kwa siku nzima, moja zaidi ya mzee.